Vita na ukatili katika Ugiriki ya kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huibuka kila watu wanapomaliza kutazama filamu kuhusu Sparta, na kila darasa linapofika kwenye demokrasia ya Athens. Majibu mengi yanahusu miaka ya 500 hadi 323 KK (kabla ya Kristo), kwa kuwa ndiyo yenye maandishi mengi. Jambo lililokwisha kuelezwa halitarudiwa, utaelekezwa lilipo.

## Mambo ya msingi

Je, Ugiriki ya kale ilikuwa nchi moja yenye jeshi moja?

Hapana, na hili ndilo la kuelewa kwanza. Ilikuwa miji zaidi ya 1,000 iliyojitawala, imetapakaa kuanzia kusini mwa Ufaransa na Sicily hadi pwani za Bahari Nyeusi. Kila mji ulikuwa na sheria zake, kalenda yake na ugomvi wake wa mpaka na jirani. Watu wake walizungumza lahaja za lugha moja na kuabudu miungu ileile, lakini hilo halikuwazuia kuuana. Hata Waajemi walipovamia mwaka 480 KK, waliosimama pamoja walikuwa wachache: nguzo ya shaba iliyowekwa Delphi kuadhimisha ushindi ina majina ya watu wa miji 31 tu. Mwaka uliofuata, katika pambano la Plataea, watu wa mji wa Thebes walipigana upande wa Waajemi.

Ni kweli walikuwa vitani kila mwaka?

Si kila mwaka, ila haikupungua sana. Athens, mji tunaoufahamu kuliko mingine yote, katika karne ya tano na ya nne KK ulikuwa vitani takriban miaka miwili kati ya kila mitatu. Kilichowekewa muda kilikuwa amani. Mwaka 446 KK Athens na Sparta walikubaliana kuacha vita kwa miaka 30. Mwaka 431 wakaanza tena. Mwaka 421 wakakubaliana upya, safari hii miaka 50. Hata saba haikutimia kabla hawajavamiana.

Sababu zilikuwa za kawaida: mpaka, heshima, njia za nafaka, na ushirika ulioulazimisha mji kuingia katika ugomvi usio wake. Mvamizi alipenda kufika nafaka inapoiva, ale anachoweza na kuchoma kinachobaki. Mizeituni ilimsumbua zaidi, kwani mzeituni uliokatwa huchipua tena.

Nani hasa aliyekwenda vitani?

Raia mwenyewe. Hapa ndipo Athens ya kale inapotofautiana na mataifa ya leo yenye jeshi la mshahara na wanasiasa wanaobaki ofisini. Wanaume wa miaka 18 hadi 59 walikuwa katika daftari la jeshi. Vita vilipitishwa katika mkutano wa raia, kwa kuinua mikono, na aliyeinua mkono Jumatatu (tuseme) angeweza kuitwa wiki hiyohiyo afike na chakula chake cha siku tatu. Mwanafalsafa Socrates alipigana Potidaea, Delium na Amphipolis. Sophocles, mtunzi wa tamthilia, alichaguliwa kuwa jenerali. Aeschylus, naye mtunzi wa tamthilia, alipigana na Waajemi kule Marathon, na maandishi ya kaburi lake yanayonukuliwa tangu zamani yanaitaja Marathon bila kugusa hata tamthilia moja aliyoitunga.

Waliokuwa na mali kidogo walinunua silaha na kupigana kwa miguu. Matajiri walipanda farasi. Maskini walivuta makasia. Wageni wakaazi nao waliandikishwa, na watumwa walibeba mizigo. Wanawake hawakupiga kura wala hawakuandikishwa, ila vita viliwafikia vilevile (tazama "Wanawake walikuwa wapi?").

Silaha zilitolewa na serikali?

Kwa muda mrefu, hapana. Askari wa miguu mwenye silaha nzito, hopliti, alijinunulia ngao ya mviringo yenye upana wa karibu sentimita 90 na uzito wa kilo 7 hivi, mkuki wa zaidi ya mita mbili, chepeo cha shaba na, akiweza, dirii. Ndiyo maana uaskari ulikwenda na hadhi: ngao ukutani ilionyesha kwamba mwenye nyumba ana uwezo. Yatima wa waliokufa vitani walilelewa kwa fedha za umma, na walipokuwa watu wazima walivishwa silaha na kupitishwa mbele ya umati katika ukumbi wa maigizo. Karne ya nne Athens ikaanza pia kuwapa ngao na mkuki vijana waliokuwa katika mafunzo yao ya miaka miwili.

## Uwanjani

Mapigano yenyewe yalikuwaje?

Yalikuwa ya karibu sana. Askari walijipanga bega kwa bega, kwa kawaida safu nane kwenda nyuma, ngao ya kila mmoja ikimkinga yeye na ubavu wa jirani yake wa kushoto. Thucydides, mwanahistoria wa Athens aliyewahi kuwa jenerali, anaeleza matokeo yake: kila mtu alijisogeza kulia kutafuta kivuli cha ngao ya mwenzake, na jeshi zima likapinda upande huo. Wanahistoria bado wanabishana kama safu za nyuma zilisukuma kwa uzito wa mwili au ziliwapa tu moyo walio mbele. Kisichobishaniwa ni vumbi, joto na uoni hafifu ndani ya chepeo, hali ambayo jenerali akishatoa amri ya kwanza ilimwachia la kufanya kidogo sana.

Mwaka 371 KK kule Leuctra, Epaminondas wa Thebes aliipanga kushoto yake safu 50 badala ya nane au kumi na mbili, akaielekeza moja kwa moja alipokuwa mfalme wa Sparta. Mfalme Cleombrotus alikufa, na pamoja naye raia 400 kati ya 700 wa Sparta waliokuwapo. Sparta haikuinuka tena kuwa dola kubwa.

Walikufa wangapi katika pambano moja?

Katika mapambano ya aina hii ambayo hesabu zake zimebaki, washindi walipoteza wastani wa watu 5 kwa kila 100, na walioshindwa karibu 14. Wengi walikufa safu ilipokwisha kuvunjika, wakiwa wametupa ngao na kukimbia. Marathon, mwaka 490 KK, waliokufa upande wa Athens walikuwa 192, na kilima cha kaburi lao kipo hadi leo. Herodotus, mwanahistoria wa karne ya tano KK, anataja Waajemi 6,400.

Asilimia 5 inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba raia walipangwa kikosini kwa makabila yao ya kiraia. Siku moja mbaya ingeweza kuacha matanga kila nyumba ya mtaa mmoja.

Kulikuwa na sheria za vita?

Zilikuwapo desturi, na nyingi zilizingatiwa. Mjumbe rasmi hakuguswa. Kabla ya kusonga mbele, mnyama alichinjwa na matumbo yake kukaguliwa. Dalili mbaya ingeweza kuchelewesha jeshi siku nzima. Mshindi alisimamisha nguzo na kuivika silaha alizoteka. Aliyeomba ruhusa ya kuchukua maiti zake alikuwa amekiri kushindwa, na mshindi alitakiwa akubali.

Mwaka 424 KK kule Delium desturi hiyo ilikwama. Thebes na washirika wake walikataa kutoa maiti za Waathene kwa sababu Waathene walikuwa wamejenga ngome ndani ya eneo takatifu la mungu Apollo. Maiti zilikaa juani siku kumi na saba, kila upande ukiushutumu mwingine kwa kuwakosea miungu.

Desturi hizi zilimlinda zaidi mfu na mjumbe. Aliye hai baada ya mji wake kutekwa hakuwa na kinga kama hiyo.

Mashindano ya Olympia yalisimamisha vita vyote?

Hapana. Mapatano ya Olympia yaliwahakikishia wanariadha, waabudu na watazamaji njia salama, na kukataza kulivamia eneo la mashindano. Miji iliendelea kupigana kwingineko. Mwaka 420 KK Wasparta walizuiwa kushiriki kwa tuhuma za kuvunja mapatano hayo. Mwaka 364 mambo yaliharibika kabisa: jeshi la Elis liliushambulia uwanja mtakatifu mashindano yakiendelea, na watu wakapigana kati ya mahekalu.

Na baharini? Waliovuta makasia walikuwa watumwa waliofungwa minyororo?

Picha hiyo haitoki Ugiriki ya kale. Meli ya vita ya Athens ilibeba watu wapatao 200, na 170 kati yao walikuwa wavuta makasia, wengi wao raia maskini na wageni waliolipwa ujira. Silaha kuu ilikuwa meli yenyewe: ncha ya shaba mbele, ya kumtoboa adui ubavuni, kazi iliyotaka mazoezi ya miaka. Watumwa nao walitumika, hasa watu walipopungua. Mwaka 406 KK Athens iliwaahidi uhuru wale waliokubali kuvuta makasia, wakashinda vita vya Arginusae wakaupata.

Maskini wa Athens walijua wazi kwamba nguvu ya mji inatoka mikononi mwao, na wenye mali walilijua pia, ingawa hawakulipenda. Demokrasia ya Athens haieleweki bila benchi la mvuta makasia.

## Sparta

Wasparta wote walilelewa kuwa askari?

Wana wa raia, ndiyo. Kuanzia miaka saba mvulana aliingia katika malezi ya pamoja: chakula kidogo, nguo moja, viboko, na ruhusa ya kuiba mradi asikamatwe. Lakini raia walikuwa wachache. Chini yao walikuwapo maheloti, wakulima waliofungwa kwenye ardhi, wengi wao wazawa wa Messenia iliyotekwa. Kule Plataea mwaka 479 KK, Herodotus anahesabu maheloti saba kwa kila Msparta.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo maelezo ya Sparta yanapaswa kuanzia. Kila mwaka wakuu wa mji waliwatangazia maheloti vita rasmi, ili kumwua heloti kusiwe dhambi ya kumwaga damu. Vijana walitumwa na visu usiku kuwaua wale walioonekana hatari. Thucydides anasimulia kwamba maheloti walioona wameipigania Sparta vizuri kuliko wengine waliambiwa wajitokeze wapewe uhuru. Wakachaguliwa kama 2,000, wakavikwa mataji, wakazungushwa mahekaluni. Kisha wakatoweka, na hakuna aliyejua kila mmoja alikufaje. Aliyejitokeza kwanza alihesabiwa kuwa ndiye angekuwa wa kwanza kuasi.

Ukali wa malezi ya Sparta ulikuwa na kazi ya nyumbani kabla ya kuwa na kazi uwanjani.

Thermopylae walikuwa 300 peke yao?

Hapana. Walioanza kuilinda njia ile mwaka 480 KK walikuwa takriban 7,000 kutoka miji mbalimbali. Baada ya kuzungukwa, Leonidas, mfalme wa Sparta, aliwaruhusu wengi waondoke. Waliobaki ni Wasparta wake 300, watu 700 wa Thespiae, 400 wa Thebes, na maheloti ambao hakuna aliyewauliza. Thespiae ulikuwa mji mdogo, na ulipoteza pale karibu jeshi lake lote. Filamu huwa haina nafasi yao.

Ni kweli walitupa watoto wachanga dhaifu?

Anayelisema ni mwandishi Plutarch, aliyeandika miaka ya 100 baada ya Kristo, yaani karne nyingi baadaye. Ipo sababu ya kusitasita: Agesilaus, mmoja wa wafalme mashuhuri wa Sparta, alikuwa kilema wa mguu. Kumtelekeza mtoto asiyetakiwa kulifanyika katika miji mingi ya Kigiriki, na kwa kawaida uamuzi ulikuwa wa baba.

## Mji ukianguka

Waliotekwa walifanywa nini?

Mshindi ndiye aliyeamua: kikombozi, utumwa au kifo. Mifano ya vita kati ya Athens na Sparta (431–404 KK) inatosha.

Mwaka 427 mji wa Mytilene uliasi dhidi ya Athens ukashindwa. Mkutano wa raia ukaamua wanaume wote wauawe, wanawake na watoto wauzwe, na meli ikaondoka na amri hiyo. Kesho yake watu waliamka na mashaka, mjadala ukafunguliwa tena, na amri ikafutwa kwa kura chache. Meli ya pili ikatumwa kuikimbiza ya kwanza; wavuta makasia walikula unga wa shayiri uliochanganywa na divai na mafuta bila kuacha kasia, wakalala kwa zamu. Walifika jenerali akiwa amekwisha kuisoma amri ya kwanza. Viongozi wa uasi waliuawa hata hivyo.

Mwaka huohuo Sparta iliuteka Plataea. Kila mwanamume aliulizwa swali moja: je, katika vita hivi umewasaidia Wasparta na washirika wao kwa lolote? Aliyeshindwa kusema ndiyo aliuawa. Walikufa zaidi ya 200.

Mwaka 416 ikawa zamu ya kisiwa cha Melos, kilichotaka tu kutoegemea upande wowote. Athens iliwaua wanaume wake, ikawauza wanawake na watoto, ikapeleka walowezi 500. Safari hii hakuna meli ya pili iliyotumwa. Miaka mitatu baadaye Waathene wenyewe wakawa mateka huko Syracuse, mji wa Sicily waliokwenda kuuvamia: si chini ya watu 7,000 walirundikwa ndani ya machimbo ya mawe kwa robo lita ya maji kwa siku na nafaka kidogo, wagonjwa na maiti pamoja.

Kilele kilikuja mwaka 335 KK, Alexander, mfalme wa Makedonia, alipoubomoa mji wa Thebes. Walikufa zaidi ya 6,000 na kuuzwa watu 30,000. Nyumba ya mshairi Pindar iliachwa.

Wanawake walikuwa wapi?

Ndani ya mzingiro pamoja na wengine. Plataea, kabla ya kuanguka, ilibakiwa na wanawake 110 wa kuwaokea askari mkate. Miaka michache nyuma, watu wa Thebes walipouingia mji huo usiku, wanawake na watumwa walipanda mapaa wakawarushia mawe na vigae. Mfalme Pyrrhus, mbabe aliyewatoa jasho Warumi, aliuawa mwaka 272 KK katika mtaa wa Argos baada ya mwanamke kumtupia kigae kutoka juu.

Mji ukianguka, mwanamke aliishia nyumbani kwa mwanamume mwingine kama mtumwa, na sheria haikumtambulia haki ya kumkataa. Mshairi Homer analijua hilo: ugomvi mzima wa mashujaa Achilles na Agamemnon katika utenzi wake Iliad unaanza na nani achukue mateka gani wa kike.

Kulikuwa na waliopinga vita?

Kuvipinga vita fulani, ndiyo. Aristophanes alitunga vichekesho vya kudai amani huku vita vikiendelea, kikiwamo kile cha mwaka 411 KK ambapo wanawake wanawanyima waume zao unyumba. Mwaka 415, miezi michache baada ya Melos, Euripides aliwaonyesha Waathene, katika tamthilia, wanawake wa Troy wakigawanywa kwa washindi. Waliokaa kutazama ni walewale waliopiga kura. Fundisho la kwamba vita vyote ni haramu halikuwa na wafuasi.

## Nyumbani na mitaani

Maisha ya kila siku yalikuwa ya ukatili hivyohivyo?

Kwa raia wa Athens, hapana. Thucydides anajisifia kwamba Waathene walikuwa wa kwanza kuacha kutembea na silaha. Sheria ya Draco, mtunga sheria wa Athens, ya mwishoni mwa karne ya saba KK ilitenganisha kuua kwa kukusudia na kuua kwa bahati mbaya, na ikaondoa kisasi mikononi mwa familia na kukipeleka mahakamani. Kumdhalilisha mtu kwa makusudi kulikuwa kosa la kushtakiwa na raia yeyote, hata kama aliyedhalilishwa ni mtumwa. Ilikuwapo milango iliyoachwa wazi: mume aliyemfumania mtu na mkewe angeweza kumwua papo hapo na kujitetea kwa sheria.

Kwa mtumwa hali ilikuwa nyingine. Ushahidi wake ulipokelewa mahakamani akiwa ameutoa chini ya mateso tu, kwa hoja kwamba vinginevyo angedanganya.

Na vita vya wenyewe kwa wenyewe?

Hivyo ndivyo walivyoviogopa kuliko vyote. Mwaka 427 KK kule Corcyra wafuasi wa demokrasia waliwaua wapinzani wao kwa siku saba. Baba alimwua mwanawe, na waliokimbilia mahekaluni waliburutwa nje. Wengine waliuawa kwa madeni tu.

Athens ilionja mwaka 404, watawala thelathini waliowekwa kwa nguvu ya Sparta walipoua watu wapatao 1,500 katika miezi michache. Demokrasia iliporudi mwaka 403, raia waliapa kutokumbushana mabaya, na mashtaka ya yaliyopita yakazuiwa, isipokuwa kwa wale thelathini na wasaidizi wao wakuu. Kisasi hakikukoma kabisa, lakini mji haukurudi kuchinjana. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko Marathon.

## Maswali ya pembeni

Askari waliumia nafsi kama wanavyoumia leo?

Hawakulieleza kama madaktari wa leo, ila walisimulia. Herodotus anamtaja Epizelus wa Athens, aliyepofuka ghafla Marathon bila kuguswa na silaha. Alisema aliona jitu lenye ndevu likimpita na kumwua aliyesimama ubavuni mwake. Hakuona tena maisha yake yote. Anamtaja pia Aristodemus, aliyekosa kufa Thermopylae kwa ajili ya ugonjwa wa macho. Sparta hakuna aliyempa moto wa kuwashia jiko wala kuongea naye. Mwaka uliofuata alitoka peke yake mbele ya safu kule Plataea, akapigana hadi akafa, na wenzake wakamnyima heshima kwa kuwa alionekana alitaka kufa.

Jenerali aliyeshinda aliweza kuadhibiwa?

Athens, ndiyo. Baada ya ushindi wa Arginusae dhoruba ilizuia kuokoa waliokuwa majini. Majenerali wanane walihukumiwa kwa pamoja, kinyume cha utaratibu, na sita waliokuwa mjini wakauawa. Socrates, aliyekuwa zamu ya kuongoza kikao, alikataa kuruhusu kura hiyo akashindwa. Baadaye raia walijutia.

Aliyetupa ngao au kukimbia alifanywa nini?

Athens, mtu aliyetupa ngao, aliyetoroka safu au asiyeitikia wito aliweza kushtakiwa na kupoteza haki zake za uraia: asihutubie mkutanoni, asiingie hekaluni. Wajumbe wa baraza na waimbaji wa sherehe za mungu Dionysus hawakulazimika kwenda vitani. Ushairi ulikuwa na huruma zaidi. Archilochus wa Paros, karne ya saba KK, aliimba kwamba ngao yake aliiacha kichakani, adui anaichezea, na yeye atanunua nyingine isiyopungua ubora.

Kisa cha mwisho ni cha Demosthenes. Ndiye msemaji aliyewashawishi Waathene wapigane na Philip, mfalme wa Makedonia, akaenda mwenyewe kusimama safuni huko Chaeronea mwaka 338 KK. Walishindwa vibaya, na maadui zake walimsimanga maisha yote kwamba alikimbia. Ulipofika wakati wa kuwazika waliokufa na kuchagua mtu wa kuwahutubia wafiwa, Waathene walipiga kura wakamchagua yeye.